Mgongo wa Mpagazi, Mikono ya Muunga Mifupa

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata maneno haya gazetini baada ya kutangazwa, juma hili tuzungumze juu ya mgongo. Milima nayo itakuwamo, lakini mgongo ninaousema ni huu wa binadamu, unaobeba kichwa mchana kutwa, na ambao siku ukikataa, hata kuvaa viatu kunahitaji msaidizi.

Waliopita barabara ya Iringa wanaijua njia panda ya Sangasanga, ukishautoka mji wa Morogoro. Ukikata kushoto hapo unafika Mlali, chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi. Mlali penyewe ni tambarare, watu wanalima nyanya na mboga kwa maji yanayoshuka milimani. Lakini inua macho uone barabara inavyopanda kwenda Langali na Nyandira, nchi ya Mgeta, ambako kabichi, karoti na njegere nyingi zinazouzwa Dar es Salaam hutoka. Mashamba ya huko yameinama kiasi kwamba mgeni hujiuliza mkulima anasimamaje. Kabla mzigo haujapandishwa garini, umekwisha kuteremka kichwani mwa mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, na si ajabu mgongoni akawa na mtoto.

Nchi ya namna hiyo haiwezi kukosa maumivu ya kiuno, na penye maumivu ya kiuno hapakosi mtu wa kukanda. Sisi wa mjini tumeanza kusema masaji, tunalipia na taulo juu. Kijijini ni bibi mwenye mafuta ya nyonyo, au mzee ambaye mtoto akianguka mwembeni hupelekwa kwake kabla ya kupelekwa zahanati. Huyu namwita muunga mifupa. Tafadhali usimchanganye na mpiga ramli. Muunga mifupa hakuulizi umekosana na nani; anakuuliza umeangukaje, halafu anaanza kupapasa.

Sasa swali langu la juma hili ni la historia. Huko Uingereza na Marekani walikuwapo wazee wa aina hii hii, wasiojua kusoma wengi wao, waliorithi kazi kwa baba na mjomba. Leo warithi wao wana vyuo, wana vyeti ukutani, na kazi yao ina jina la heshima, osteopathi. Wetu sisi bado yuko uani. Imekuwaje?

Tuanze na mzigo, maana mzigo ndio uliowapa waganga hawa kazi. Kabla ya reli, mali yote ya nchi hii ilisafiri juu ya mwili wa mtu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita karibu na mji wa Simbamwene, hapo hapo Morogoro. Stanley aliupita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Mpagazi alibeba ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, miezi kwa miezi, pamoja na mkeka wake na chakula chake mwenyewe. Vitabu vya wasafiri vimejaa hesabu za shanga, nguo na pembe za ndovu. Magoti na viuno vilivyoubeba utajiri huo vimeandikwa kidogo sana, na aliyevikanda jioni kambini hakuandikwa kabisa.

Halafu ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza. Agosti 1916 askari wapanda farasi wa Jenerali Enslin, kutoka Afrika Kusini, walifika Mlali kuwakata Wajerumani njia. Wakapigana nao hapo chini ya milima. Tarehe 26 ya mwezi huo mji wa Morogoro ukachukuliwa, na Wajerumani wakaizunguka Uluguru kuelekea kusini. Milima ile haikupitika kwa magari, na farasi wengi walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Pande zote mbili zilikusanya wapagazi kwa maelfu, wengine kwa nguvu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, pale tunapokwenda kununua zile kabichi za Mgeta, linatokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo cha Waingereza. Mzigo ulishuka Uluguru zamani, na mpaka leo unashuka.

Mfano mmoja zaidi, kisha tutoke milimani. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Julai 1955, Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo hiyo, wananchi wakakataa hadharani. Zikatokea ghasia, mtu akauawa, na baadaye mpango ukaachwa. Wanahistoria wanalieleza jambo hili kwa siasa, na wana haki. Wanaeleza pia kwamba matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mimi naongeza neno dogo tu: matuta hayo yalichimbwa kwa jembe la mkono, juu ya kazi nyingine zote za mwaka. Kiuno nacho kilikuwa na hoja mkutanoni.

Haya, twende Uingereza. Katika karne ya 18, kwenye kisiwa cha Anglesey, pwani ya Wales, mtoto mmoja aliokolewa baharini baada ya chombo kuvunjika. Hakujulikana wa taifa gani. Akalelewa na watu wa pale, wakamwita Evan Thomas, na alipokua akaonekana ana kipaji cha kurudisha viungo vilivyoteguka. Kazi ikaendelea katika ukoo wake kizazi kwa kizazi, kama inavyoendelea kwetu. Mmoja wa uzao wake, naye Evan Thomas, alihamia Liverpool, mji wa bandari, wenye makuli na mabaharia wanaoanguka kila siku. Wagonjwa walimjaa mlangoni. Madaktari wenye shahada hawakufurahi, wakamfikisha mahakamani si mara moja.

Angalia alichofanya mzee huyu. Alikuwa na watoto watano wa kiume, akawapeleka wote watano kusomea udaktari! Mmoja wao, Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834, akawa na vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikukaa katika mtu mmoja: mikono ya ukoo na elimu ya chuo. Alitengeneza gango la chuma la kunyoosha na kutuliza mguu uliovunjika, nalo linaitwa gango la Thomas mpaka leo. Alifariki mwaka 1891 bila kuheshimiwa sana na wenzake. Lakini mpwa wa mkewe, Robert Jones, aliyefunzwa naye, ndiye aliyelisimamia gango hilo katika vita ya 1914 hadi 1918, na vifo vya askari waliovunjika paja vikapungua sana. Yaani wakati mpagazi wa Mgeta anaanguka na sanduku la risasi, huko Ufaransa mguu wa askari ulikuwa unaokolewa na ujuzi uliotoka kwa waganga wa kijijini!

Wala si madaktari wote wa Uingereza waliokuwa na kiburi. Mwaka 1867 James Paget, mpasuaji mashuhuri wa London, aliwahutubia wenziwe juu ya wagonjwa wanaoponywa na waunga mifupa. Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba watu hao wanaumiza wengi lakini wengine wanawaponya kweli, na kwamba daktari mwenye akili ataiga lililo jema na kuliepuka lililo baya. Miaka minne baadaye daktari mwingine, Wharton Hood, akachapisha maelezo ya kazi hiyo jinsi alivyoonyeshwa na muunga mifupa aitwaye Richard Hutton. Hutton alikuwa ametibiwa bure na baba yake Hood, akaona deni hilo alilipe kwa kufundisha. Hilo ndilo jambo ninalolionea wivu: mwenye mikono alimwonyesha mwenye kalamu, na mwenye kalamu hakuona haya kuandika.

Upande wa Marekani alikuwapo Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828, mtoto wa mhubiri aliyekuwa pia mganga. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za wakati ule, nyingi zikiwa sumu, hazikusaidia kitu. Akazichukia dawa. Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya: mwili una uwezo wa kujitibu, mradi mifupa na viungo vikae sawasawa na damu ipite bila kizuizi. Alizunguka vijijini akijiita muunga mifupa wa kasi ya radi, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, jimbo la Missouri. Darasa la kwanza lilikuwa na wanawake pia.

Still alikosea mambo makubwa. Si kila ugonjwa unatokana na mfupa uliokaa vibaya. Malaria haipo katika pingili za mgongo. Lakini chuo chake kilikuwa na kitu ambacho mikono peke yake haina, nacho ni mahali pa kubishania. Wanafunzi walisoma mwili wa binadamu, wakafanya mitihani, na makosa ya mwalimu yakaachwa pole pole. Leo huko Marekani waliosoma vyuo vya asili hiyo ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Uingereza walifuata njia nyingine: sheria ya mwaka 1993 iliweka daftari la wataalamu wa osteopathi, na asiyekuwamo haruhusiwi kujiita hivyo.

Je, mikono hiyo inasaidia kweli? Hapa lazima tuseme kwa kipimo. Mtu akishtuka kiuno, misuli ya pembeni hukaza kama walinzi waliosikia mwizi, na kukaza kule kwenyewe kunaongeza maumivu. Kukandwa taratibu na kuchezeshwa kiungo hulegeza misuli, hupunguza woga, na mgonjwa huanza kutembea, na kutembea ni dawa. Ule mlio wa "ko!" unaotufurahisha si mfupa kurudi mahali pake, ni povu la hewa katika maji ya kiungo. Mwaka 2004 Waingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 1,334 wa maumivu ya mgongo. Walionyooshwa viungo na wataalamu walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida tu, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Nafuu yenyewe haikuwa ya muujiza. Ilikuwa ya wastani, ila kwa mtu anayepaswa kupanda kilima kesho alfajiri, hiyo ni nafuu yenye thamani.

Shirika la Afya Duniani nalo, likikadiria kuwa watu milioni 619 waliumwa kiuno mwaka 2020, lilitoa mwongozo Desemba 2023. Limetaja mazoezi, mafundisho kwa mgonjwa, kukandwa na kunyooshwa viungo miongoni mwa mambo yanayofaa kwa maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Limeshauri dhidi ya mikanda ya kiuno, ile inayouzwa barabarani kwa bei ya kutisha, kama matibabu ya kawaida ya maumivu hayo. Basi bibi wa mafuta ya nyonyo amepata cheti cha nusu kutoka Geneva, na muuza mikanda amekosa.

Nasema cha nusu kwa sababu iko nusu nyingine. Maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua yenyewe katika majuma machache, na sifa za siku hupewa mkandaji. Hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni mikono isiyojua mahali pa kukoma. Kuna kifua kikuu kinachokaa kwenye uti wa mgongo na kula pingili mpaka mtu anapata kibiongo. Daktari Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, na kwetu bado kipo. Mgongo wa namna hiyo ukikunjwa na kunyooshwa, mtu anaweza kupooza. Kwa hiyo anayeumwa mgongo huku ana homa, anatoka jasho usiku na amekonda, asikandwe, apelekwe hospitali. Hali kadhalika anayekufa ganzi mapajani na makalioni, anayeishiwa nguvu za miguu au anayeshindwa kuzuia haja. Huyo asingoje hata kesho.

Na kuna magango. Muunga mifupa wetu hufunga mguu kwa vijiti na kamba. Sehemu nyingi za Afrika yuko hata anayevunja mguu wa kuku siku hiyo hiyo na kuufunga pamoja na wa mgonjwa, kuku akitembea ndipo na mtu anafunguliwa. Ni saa ya ukutani ya aina yake, ila saa hiyo inakwenda mbio, maana kuku hupona mapema kuliko mtu mzima. Hayo tunaweza kuyacheka. Lisilochekesha ni kamba iliyokazwa juu ya mguu unaovimba. Damu haipiti, nyama inakufa, na mtoto aliyekuwa na mfupa uliovunjika tu anafika hospitali na mguu wa kukatwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi hukimbilia kwa muunga mifupa kwa kuogopa kukatwa mguu hospitali.

Nchi yetu imefanya nini? Mwaka 1928 wakoloni walitunga Sheria ya Uchawi, na tangu hapo kila mwenye ujuzi wa kienyeji akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni, hata yule asiye na hirizi wala kibuyu. Baada ya uhuru tulijirekebisha. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kilikua kuwa taasisi. Mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23, yenye Baraza lake la kusajili. Ni hatua za kusifiwa. Lakini tusikilize jinsi tunavyozungumza: tukisema tiba asili, wengi wetu tunaona mizizi, magome na majani. Jani unaweza kulitia gunia ukalipeleka maabara. Mikono ya mzee wa Mlali hutaitia gunia, inabidi umfuate, ukae naye, umwone akipapasa. Kazi hiyo ni ya polepole, na haina chupa ya kuuza mwishoni.

Upande wa hospitali nako hatukulala. Chuo cha KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Tunao wataalamu wa fiziotherapia, watu wanaofanya kwa elimu sehemu kubwa ya yale yanayofanywa na osteopathi huko ng'ambo. Lakini hawatoshi nchi nzima, na kwa pikipiki hizi zetu mifupa inavunjika haraka kuliko vyuo vinavyotoa wahitimu.

Jirani zetu Ethiopia wametuonyesha jambo rahisi. Mwaka 2005 daktari Mesfin Eshete alichapisha habari za mafunzo aliyowapa waunga mifupa zaidi ya 100. Mafunzo ya siku moja! Hakuwaambia waache kazi. Aliwafundisha jinsi ya kufunga bila kuzuia damu, na wakati gani wampeleke mgonjwa hospitali. Baada ya hapo idadi ya viungo vilivyooza na kukatwa ikapungua sana. Siku moja ni semina ngapi tunazofanya kila juma hotelini, zenye chai na vitafunio?

Wilaya ya Mvomero, ambamo Mlali imo, inaweza kufanya hivyo bila kungoja mfadhili. Watendaji wa vijiji wanawajua waunga mifupa wao kwa majina. Mganga wa kituo cha afya awaite kwa heshima, kama wazee, si kama watuhumiwa. Awaonyeshe, na yeye aonyeshwe. Na yule mzee akimleta mgonjwa, asikaripiwe mlangoni mbele ya watu, maana akikaripiwa leo, wa kesho hatamleta. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi anayeficha amefundishwa kuficha na kauli za wahudumu.

Kabla muda haujanitupa mkono, jambo moja la kuondoka nalo wewe uliyeko mjini, ambaye shangazi yako kule kwenu atafungwa magango siku moja. Mara baada ya kufungwa, bonyeza ukucha wa kidole cha mguu ule mpaka upauke, kisha achia. Rangi inapaswa kurudi kwa muda wa kutamka "Mlali, Mlali" bila haraka. Rudia asubuhi, mchana na jioni. Isiporudi, au vidole vikiwa baridi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, legeza kamba hapo hapo na tafuta gari la hospitali, hata kama aliyefunga ni mjomba wako mwenyewe.